Mizizi ya Muguka Iliyopelekwa Mkutanoni

Nilisoma gumbaru, shule ya watu wazima, huko Kaaga, jioni baada ya kazi ya kuosha sufuria za shule, sufuria kubwa hivi kwamba kabla ya kuingia ndani kusugua ilibidi uage watu. Popo wa darasa lile walinizoea, karibu waniamkie. Nilipofaulu mtihani, kaka yangu mkubwa alinibandika jina la Profesa, na kila nilipofika nyumbani, upande wa Gachoka, alikuwa na swali tayari kabla hata chai haijamiminwa.

Siku hiyo swali lilikuwa zito. Kaunti za mbali, kule muguka wetu, ndugu wa miraa, unakotafunwa, zilikuwa zimeupiga marufuku. Malori yakaacha kuja. Majani yaliyochumwa alfajiri yalikuwa meusi kesho yake, kwa sababu muguka haumngoji mtu.

"Haya, Profesa," kaka akasema. "Kaunti na serikali kuu, mkubwa ni nani?"

"Inategemea jambo lenyewe. Mengine ni ya kaunti, mengine ni ya serikali kuu. Hili watavutana mpaka kortini."

"Miaka yote hiyo ya kukesha, ukasomea 'inategemea'?"

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Sijamsikia akicheka hivyo tena.

Miti ile ilipandwa na baba, mstari mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa. Wangu ulikuwa karibu na choo, na kaka hakuniacha nisahau. Baba alipofariki, mama aliendelea kuchuma kabla ya jua, akiongea na mistari kana kwamba ni sisi. "Wewe kitinda mimba," aliuambia wangu, "leo umezaa majani ya mbuzi." Naapa miti ilikuwa ikimjibu.

Ndipo akaja tajiri. Alikuwa na malori mengi, ambayo yakipita pamoja vumbi lake lilifanya kuku wapande kulala adhuhuri. Sasa alikuwa anautaka ugavana. Kanisani walimpa kiti cha mbele, na baada ya ibada akatuhutubia sokoni.

"Kaunti zimesema, na kaunti zina haki zake," alisema. "Muguka umekufa. Ng'oeni, niwape miche ya maembe bure."

Lakini alitujua sisi watu wa huku. Ukitupa mche bure tunauuza, na muguka unabaki pale pale shambani. Kwa hiyo akaweka sharti: anayetaka miche alete mizizi kwenye mkutano wake wa pili hapo sokoni, aione kwa macho yake.

"Kata mashina tu," nikamwambia kaka. "Muguka ukikatwa huchipuka."

"Anataka mizizi, Profesa. Shina hata mbuzi hulikata."

"Mama umemwuliza?"

"Nitamwuliza maembe yakiiva."

Mama alikuwa Runyenjes akimwuguza dada yake. Mimi nilirudi kazini. Kaka akatafuta vijana wa jembe, akapakia mizizi kwenye boda boda, akarudi na miche na kofia yenye picha ya tajiri. Mama alipofika alikuta mashimo. Kaka aliniambia hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mstari wa nani umebaki?"

Hakuna uliobaki.

Haukupita muda mrefu, redio ikasema serikali kuu imetamka kwamba marufuku yale hayana nguvu. Malori yakarudi, na ya kwanza yalikuwa ya tajiri, yamejaa muguka wa shamba lake mwenyewe ng'ambo ya mto, ambako hakuna mti hata mmoja uliokuwa umeng'olewa. Watu husema alijua mapema, kwamba ana marafiki huko juu. Mimi sijui alijua nini. Najua kwamba siku niliyokuja kumwona mama, lori lake lilipita mbele ya lango letu, na kaka, kofia ile ile kichwani, akasogea pembeni kulipisha.

Mama alikwenda sokoni, kwenye lundo la mizizi iliyokuwa ikikauka, mlima mrefu kuliko Kirinyaga. Akachagua mmoja, akaupakata kwenye boda boda kama mtoto mchanga. Alisema ni wa mstari wa kaka, wa kwanza kabisa baba kuupanda. Hatukubishana naye. Akaupanda kwenye shimo lake.

Miche ya maembe iliunguzwa na jua la kwetu Mbeere. Mzizi nao haukuchipuka. Mama, ambaye hata majogoo walimngoja yeye ndipo wawike, siku hizi huamka jua likiwa limeshapanda.

Kaka haniiti Profesa tena. Safari yangu ya mwisho nilimkuta asubuhi ameinama shimoni, anamimina maji kutoka mtungini polepole.

"Kaka, umekauka huo."

"Najua. Lakini mama akiamka huja kugusa udongo."

Nikaenda kuchota mtungi wa pili.