Chombo cha Kubana Resori na Macho ya Mama Mkwe

Ninamsifu Mungu aliyeumba jicho, akaumba na nuru ya kuliangazia, akanilinda mpaka nywele zangu zimekuwa nyeupe. Mema yote ninayokumbuka hapa yalitoka kwake. Mimi nilishika vyombo tu.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea mwisho, tulikaa Ngezi, hapa Bunia: mke wangu, mimi, na mtoto wetu wa kwanza, msichana ambaye alikuwa hajaota hata jino moja. Nilikuwa fundi wa magari, nami nilikuwa na kamyoneti kuukuu, gari dogo la mizigo nililolijenga kwa mabaki ya mengine.

Jumapili moja, tukitoka kanisani, Mkristo mmoja wa Gety, kijiji cha wakwe zangu, alimletea mke wangu habari ya mama yake.

"Mama yako anasema macho yake inaanza kufunga," alimwambia. "Jua anaona, moto anaona, lakini sura ya watu inamupotea. Anaomba mumuletee mutoto amuone, mbele giza iingie."

Mke wangu alimshukuru. Tulipofika nyumbani alikaa mlangoni akimtazama mtoto usoni, kama anayemtazama kwa macho ya mwingine.

Nami kamyoneti yangu ilikuwa imelala. Resori moja, springi ya kufungia supapu, yaani vali ya injini, ilikuwa imevunjika, na injini ilikohoa tu bila nguvu. Malori ya Gety yalikuwepo, lakini abiria walikaa juu ya mizigo, mvua ilikuwa ya kila siku, na mtoto alikuwa na kifua. Resori nyingine nilikuwa nayo, nimeitoa kwenye injini iliyokufa. Nilichokosa ni leve-supapu, chombo cha kuibana resori ili vile vipande viwili vidogo vinavyoishikilia vitoke. Rafiki aliyezoea kuniazima chake alikuwa amekwenda nacho kwenye machimbo ya dhahabu.

Kesho yake tukaenda sokoni, mtoto mgongoni mwa mama yake. Mchuuzi wa vyuma, mtu aliyehamia kutoka Butembo, alikuwa na leve-supapu mbili. Uwezo wangu ulikuwa wa kununua moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, imepinda kama mkono unaokumbatia, inang'aa, na parafujo nene mwishoni. Ya pili ilikuwa mkono mrefu wa chuma cheusi, na mdomo uliogawanyika kama uma.

"Fundi, kamata hii ya kungaa," mchuuzi alisema. "Iko nguvu, itazikwa na weye."

"Iko nguvu, ndugu. Lakini inakamata juu na chini. Ni lazima nitoe kichwa ya injini."

"Basi toa! Weye si fundi?"

Kutoa kichwa haikuwa shida. Shida ni lile bamba jembamba linaloziba kati ya kichwa na bloku, mwili wa injini. Ukilifungua linaharibika, na Bunia nzima hapakuwa na lingine. Ningengoja mpaka mtu alilete kutoka mbali, na macho ya mama mkwe yasingengoja. Chombo cheusi kilibana kutoka juu tu, kichwa kikiwa mahali pake.

Mchuuzi akamgeukia mke wangu. "Mama, ongea na bwana yako. Ile nyeusi ni muti ya kukoroga bugali!"

"Basi ni yangu," mke wangu akajibu. "Bugali najua kukoroga."

Watu wakacheka. Nikatoa resori mfukoni, nikakijaribu chombo cheusi palepale juu ya kichwa kuukuu cha injini kilichotupwa nyuma ya meza. Mdomo wa chombo ulikuwa umepanuka kupita kiasi. Resori ikachomoka, ikaruka, ikagonga sufuria za jirani.

"Fundi! Unataka kuua watu ju ya supapu?"

Nikamwomba nyundo, nikaubana ule mdomo kidogo kidogo, nikajaribu tena. Ikakaa. Nikachukua kile cheusi.

Lakini ukiondoa resori wakati kichwa hakijatolewa, supapu huanguka ndani ya silinda. Sisi tuliozoea kukosa vipuri tulikuwa na njia yetu: kutoa buji, ile plagi ya kuwashia mafuta, na kuingiza kamba kwenye tundu lake, kisha kuzungusha injini kwa mkono, polepole, mpaka pistoni iisukume kamba juu, iishikilie supapu. Kamba lazima iwe laini. Tuliporudi nyumbani mke wangu akafungua kamba yake ya pamba ya kuanikia, nepi akazitandaza juu ya majani.

Kabla ya kuanza tuliomba. Aliweka mkono juu ya injini. "Bwana, mama aone mutoto. Amina." Mimi niliyesoma shule ya Biblia nikaitikia Amina yake.

Yeye akakandamiza ule mkono wa chuma, mimi nikitafuta vile vipande kwa kidole chenye grisi.

"Usiachie," nikamwambia.

"Siachie. Lakini toa haraka, hii mikono ni ya mama, si ya chuma."

Jioni injini ilinguruma sawasawa.

Siku iliyofuata tulifika Gety. Mama mkwe alimchukua mtoto, akamsogeza mlangoni penye jua, akamgeuza uso huku na huku. Aliyasogeza macho yake karibu mpaka pua zikagusana.

"Hii pua ni ya baba yako," akamwambia mke wangu. "Basi, nimemuona."

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, hakuona tena hata moto. Aliishi miaka mingi zaidi, na kila tulipokwenda alimsimulia binti yetu uso wake. Binti akawa mrefu, akaanza shule, lakini kwa bibi yake hakuota meno kamwe.

Sasa mama mkwe na mke wangu wote wawili wamelala katika Bwana. Chombo kiko chini ya kitanda changu, kimezungushiwa ile kamba ya pamba. Kuna asubuhi ninakitoa, nikashika mwisho wa mkono wake, pale alipokandamiza mke wangu. Chuma ni baridi. Ningetoa vyombo vyangu vyote nimsikie mara moja tu akiniambia nitoe haraka.

Nawe unayesoma, Bwana akufikishe kwa wanaokungoja, nuru ikiwa bado machoni mwao, na mikono inayokusaidia leo akuachie siku nyingi. Amina.