Friji za Kasigau

Jedidah alikuwa mdaku, na hilo nilimwambia usoni. Miaka ya sabini tulikaa bega kwa bega kwenye ubao wa simu pale posta ya Voi, tukichomeka nyaya, naye alinichosha kwa maswali yake. Mtu hajamaliza kutaja namba, yeye keshamwuliza anampigia nani na kuna nini.

Wakati huo wauzaji wa Mombasa walikuwa wametushika koo. Cherehani, bima, dawa ya kunguni, vyote kwa simu! Kijiji cha Kasigau kilikuwa na laini moja tu, duka la Thadeus likigawana na zahanati. Nesi akalalamika mpaka mkubwa wetu akatoa amri: muuzaji asiunganishwe kabla anayeitwa hajaulizwa kama anamtaka. Akikataliwa, akatwe. Opareta atakayepuuza, kazi hana.

Jedidah aliwakata, tena kwa raha. Ila mmoja alimkosesha usingizi. Tangu kabla ya amri, kijana wa kampuni ya friji alikuwa akimpigia Mama Mkamburi, aliyeuza ndizi mbele ya duka la Thadeus. Friji Kasigau, ambako stima hakuna! Na tulikuwa tukisikiliza, nisidanganye: alianza kwa mbuzi, akaenda kwa mvua, kisha akauliza kama ndovu wameingia mahindini. Muuzaji gani huyo?

Baada ya amri akapiga tena, na mkubwa mwenyewe amesimama nyuma yetu. Jedidah hakuweza kujizuia. Akamwuliza kijana: huyo mama friji ataichomeka wapi, kwenye mgomba?

Kijana akashusha sauti. "Dada, meneja yuko hapa. Kupiga nyumbani haturuhusiwi. Ni mamangu."

Mama akisema hataki friji, itabidi mwanawe akatwe, na hatukuwa na njia ya kumdokezea.

Jedidah akaita Kasigau, na mama alipopewa simu akamwuliza vile amri ilivyotaka. "Mama, kuna muuzaji wa friji kutoka Mombasa. Unamtaka, au nimkate?"

Mbuzi akalia huko dukani.

"Mwulize kwanza," mama akasema, "amekula?"

Mkubwa akataka kujua mteja amesemaje. Jedidah akajibu kwamba anamtaka, akachomeka waya. Halafu, mara ya kwanza tangu nimjue, akavua visikizi vyake masikioni akaviweka mezani.