Njano Niliyoiona Kwenye Sahani

Tarehe 11 Machi 1996 nilimpoteza kaka yangu, Nyanga. Habari ilinikuta kazini, katika maabara ya hospitali moja ya Muleba. Mtaalamu wetu alizima kila kitu palepale akanisindikiza mazishini. Kwetu msiba ukitangazwa hakuna anayemalizia kazi. Jembe linaachwa lilipo.

Mimi nilikuwa mwosha vyombo, darasa la saba. Lakini ile monokromata niliielewa: sanduku linalochambua mwanga na kutoa rangi moja. Unaandika namba ya rangi kwenye kompyuta, mota inazungusha kioo ndani mpaka rangi hiyo itokee. Kipimo cha ukimwi tulikisoma kwa 450, yaani bluu, mwanga ambao njano huumeza; kadiri unavyomezwa, ndivyo namba inavyopanda.

Wiki iliyofuata dada yangu mdogo alikuja kupimwa. Mchungaji wake wa Bukoba alitaka majibu kabla ya kutangaza ndoa yake. Kichupa cha damu yake nilikibeba mwenyewe, nikajua kishimo chake kwenye sahani ya vipimo, ile ya plastiki yenye vishimo vingi. Mwishoni kilikuwa njano, na njano ilimaanisha anao. Lakini karatasi ya kompyuta ikasema yuko salama.

"Waitu, mbona mimi naona njano?" nikamwuliza mtaalamu kwa heshima ya Kihaya.

"Macho yako yametoka kulia," mtaalamu akasema. "Kompyuta haijafiwa. Kaoshe vyombo, mzee."

Hata sampuli ya kulinganishia, inayopaswa kusoma juu, ilisoma chini. Akalaumu friji. Mimi niliishuku mashine, na kidogo nilimshuku yeye. Nikaweka karatasi nyeupe mbele ya mwanga. Skrini ilionyesha 450. Karatasi ikawa ya kijani.

Mtaalamu aliitazama. Kisha akasema kwamba tuliporudi kutoka mazishini programu ilimwuliza kama airudishe mota kwenye sifuri, naye akajibu hapana, kuokoa dizeli ya jenereta. Kumbe siku ile ya msiba alipozima kila kitu, kioo kilikatiwa umeme kikiwa njiani. Kompyuta ilikumbuka namba tu. Sasa akaiwasha upya, akajibu ndiyo. Mota ikakwaruza, ikatulia. Akaandika 450. Karatasi ikawa ya bluu.

Tulirudia vipimo vyote vya tangu mazishi. Cha dada tulikirudia mara mbili. Mara zote kilisoma juu.

Dada alikuwa bado kwenye benchi nje. Muuguzi wa ushauri akamwita ndani, wakakaa sana. Alipotoka akanijia.

"Ulijua tangu lini?"

"Asubuhi. Lakini sikuwa na uhakika."

"Ungenyamaza, ningeolewa."

"Ndiyo."

Nilitaka kumpelekea mchungaji bahasha ya majibu. Akakataa, akaishika mwenyewe, akapanda basi la Bukoba.