Bibi wa Bagia na Milango ya Wenyewe

Simu ilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kidevu imenyolewa, nusu bado. Bibi muuza bagia wa mtaa wa zamani hatunaye. Alisali alfajiri, akalalamika kifua, na jua halijapanda sawasawa alikuwa ameshakata roho. Kinyozi akashusha wembe. "Si yule uliyemwandika?" akaniuliza. Naam, ni yule yule. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaikumbuka safu ile, na leo nimekuja kuifuta.

Kwa asiyeijua Palma, mji wetu wa mpakani, mtaa wenyewe ni ule wa maduka ya zamani, unaoteremka kuelekea ghuba ya Tungue. Milango minane, na kila mlango na baraza yake ya mawe, maana kwetu mteja hanunui akiwa wima. Anakaa kwanza, anaulizia watoto, analalamikia mvua, ndipo anauliza bei. Hapo palikuwa na muuza nguo, fundi saa, muuza chumvi, muuza dawa za miti. Vita vikatutawanya, wengine mji wa Pemba ulio kusini mwetu, si kile kisiwa, wengine wakavuka mto Ruvuma hadi Mtwara. Tuliporudi, biashara ilikuwa imehamia juu kwenye barabara kuu na majani yameota vizingitini. Tukaitana mikutano, na mimi mwenyewe nilisimama, koo nimelisafisha, nikapendekeza rangi na taa. Rangi ikapakwa kweli. Mbuzi wakaja kujikunia migongo kwenye kuta mpya, mteja hata wa dawa hakuonekana.

Ndipo Bibi akaja na ndoo yake ya bagia. Duka lake la nguo lilikuwa mwisho wa mtaa, lakini lilikuwa limekombwa, halina hata uzi. Ajabu ni kwamba hakukaa kwake. Leo alifagia baraza ya fundi saa, akatandika mkeka, akakaa mbele ya mlango uliofungwa. Kesho kwa muuza chumvi. Keshokutwa kwa mwingine. Bagia zake zilikuwa na pilipili ya kumtoa mtu jasho puani, kwa hiyo watu waliziacha za barabara kuu wakateremka kumtafuta. "Bibi yuko wapi leo?" "Yuko kwa fundi saa." Mpaka wamama waliotoka kijiji cha Mute na mihogo yao wakawa wanauliza hivyo. Mimi nikamtazama siku tatu, nikajiona nimeshaelewa. Nikarudi nyumbani nikaandika, bila kumuuliza neno moja, kwamba kuna mtu anajimegea milango ya watu walioko ukimbizini.

Ukurasa ule vijana wakaupiga picha, ukatembea kwenye simu, ukavuka mto. Fundi saa aliusoma akiwa Mtwara. Huyu alikuwa ameapa kwamba Palma ataisikia tu. Haikupita wiki mbili tukamwona anateremka mtaani, vumbi mpaka kwenye kope, sauti inafika kabla yake.

"Nani kakwambia ukae kwangu?"

"Shikamoo yangu iko wapi kwanza, mwanangu?"

Akameza mate. "Shikamoo."

"Marahaba. Kwani kwako ndiyo hapa? Mbona kumefungwa?"

"Ndiyo kwangu! Ufunguo huu hapa!"

"Hebu fungua basi, nihame."

Akafungua kwa hasira, ili kuonyesha tu. Mlango ulikuwa umevimba, ikabidi ausukume kwa bega. Ndani alikuta popo na vumbi, na ile meza yake ndogo ya kazi bado ipo pembeni. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Alasiri haijaingia, mzee mmoja aliyekuja kununua bagia akamletea redio iliyokufa. Fundi akaomba bisibisi kwa jirani. Tangu siku hiyo amerudi Mtwara mara moja tu, kumchukua mkewe.

Nilipoona Bibi amekunja mkeka bila ubishi, nikajua nimekosea, nikaenda kumwomba radhi. Nilimkuta anafungia bagia kwenye safu yangu. "Maandishi yako mazuri, mwanangu," akaniambia, "hayapitishi mafuta." Aibu ikanishika masikio. Nikamwambia nitasahihisha haraka. Akanikata.

"Thubutu! Wakijua nawatunzia, watapiga simu waseme ahsante Bibi, halafu wabaki huko huko. Waache waniite mwizi. Waje kunifukuza."

"Na wewe haikuumi?"

Akakwangua makombo chini ya ndoo. "Inauma, ati nini? Binti yangu yuko Pemba, jirani kamuuliza kama mama yake ndiye yule mwizi wa milango. Alinipigia analia. Lakini fundi amerudi, hakurudi?"

Muuza chumvi naye alirudi, kwa matusi. Muuza dawa za miti alirudi na mashahidi wawili. Wakafika watano, na kila aliyefungua mlango wake, Bibi alikunja mkeka akahamia mbele. Nikamuuliza siku moja kwa nini hakai kwake hata mara moja. Akacheka. "Kwangu anifukuze nani?" Mimi nikaendelea kunyamaza kama alivyotaka, naye akaendelea kubeba jina bovu nililompa. Amezikwa nalo. Hilo linanichoma kuliko ninavyoweza kuandika.

Basi nasema wazi, na hii nayo ipigeni picha: Bibi hakuchukua mlango wa mtu. Mimi kazi yangu ni kuuliza, na swali moja la kumuuliza lilinishinda. Nilidhani watu huitwa nyumbani kwa rangi na taa. Yeye alijua kuwa mtu aliyekimbia akajiambia hana tena chake huko, atakurupuka akisikia kuna aliyekikalia.

Binti hakuwahi maziko, njia ni ndefu na maiti haisubiri. Alituma salamu kwamba mama akishaondoka, yeye Palma hana cha kufuata. Hitima ikasomwa, na mlango wa Bibi ukabaki umefungwa, baraza tupu, kila mtu anapita upande wa pili. Siku ya nne fundi saa alifunga duka lake. Akabeba ile meza yake ndogo mpaka mwisho wa mtaa, akafagia, akakaa kwa Bibi. Nikasikia wateja wanaelekezana: "Fundi leo yuko kwa Bibi."

Jana nilikuwa nimekaa naye hapo simu yake ilipolia. Sauti ya mwanamke, kali, nami niliisikia nilipo.

"Nani kakuruhusu ukae kwa mama yangu?"

Fundi akaweka bisibisi chini. Akanitazama, macho yamejaa machozi.

"Hakuna aliyeniruhusu, dada," akasema. "Njoo unifukuze."