Fundi wa Posho Mill na Ulimi Wake

Siku ya kwanza Caren alipomwita fundi huyo aje kutengeneza posho mill yake, mashine ya kusaga mahindi, pale Awendo, walipatana kwamba kazi iishe kabla ya saa sita, maana ilikuwa siku ya soko. Hakujua anapatana na mtu aliyeokoka juzi. Mikono ya fundi ilikuwa myepesi ajabu, lakini kila nati ilipomkatalia, tusi lilimtoka zito hadi akina mama waliopanga foleni na mahindi yao wakaziba masikio. Hapo aliweka spana chini, akavua kofia, akapiga magoti kwenye grisi. "Ruoth, Bwana wangu, nihurumie." Nati nyingine, tusi jingine, magoti tena.

"Fundi, Mungu ameshakusikia!" Caren alifoka. "Sasa funga mashine!"

"Mama Bravin, Yeye hajachoka na mimi. Ni wewe umechoka," fundi alimjibu Caren.

Wateja wakaanza kubeba mahindi yao kwenda kwa jirani. Caren alipoona wa mwisho anajitwika gunia, uvumilivu ukamwishia, akamrushia fundi tusi alilojifunza kwake asubuhi ile ile, akamtajia hata mama yake mzazi. Fundi akakamata spana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akageukia mkanda wa mashine, akaukaza polepole, akawasha. Mashine ikanguruma vizuri kabisa, na hapakuwa na hata debe moja la kusaga. Soko lote lilikuwa limempita Caren.

"Mama, umeona?" fundi alisema, akijifuta mikono kwa tambara, uso umemng'aa. "Hilo sikulijibu."