Matundu Saba ya Chumba Changu

Asubuhi yetu ya kwanza katika nyumba mpya, nilimkuta msichana nisiyemjua amepiga magoti katikati ya chumba changu.

Alikuwa amewasha kiberiti. Alikishusha kile kijiti polepole, kutoka usawa wa kifua hadi sakafuni, akikitazama kama mtu anayesali.

Moto ulifika chini ukiwa bado unawaka. Alitabasamu, akaupuliza, akasimama.

"Yambo," akaniambia. "Njo weye Bénie?"

Alijua jina langu. Mimi sikujua hata alipitia mlango gani.

Katika ukurasa huu nimesoma simulizi nyingi za watu walioteswa na majirani. Katika hii, jirani mbaya ni mimi.

Ilikuwa Februari 2022, miezi tisa baada ya volkeno. Familia yetu ilikuwa imepanga chumba mtaani Murara tangu tulipotoka Kalengera nikiwa mdogo. Papa, mzaliwa wa Butembo, alikuwa mfanyabiashara, akileta vitambaa kutoka Bunagana, mpakani. Hatimaye alinunua nyumba ya zamani upande wa Lac Vert, magharibi mwa mji. Chini ilikuwa mawe meusi, juu mbao, na mabati yake yalikuwa yameliwa na kutu hadi ukilala unaona nyota.

Mimi niliipenda siku ile ile, kwa sababu moja tu.

Tangu utotoni nilikuwa nikilala chumba kimoja na wadogo zangu wanne, nikisomea juu ya kopo la rangi lililopinduliwa. Papa alinionyesha chumba cha mwisho, upande ambao kiwanja kinateremka, akasema: "Hiki ni cha kwako peke yako. Nitakutengenezea meza. Mutu wa université hawezi kusoma na cahier juu ya magoti."

Nililia. Mnisamehe, lakini nililia.

Na sasa, kabla sijalala humo hata siku moja, kulikuwa na mtu mwingine amepiga magoti ndani yake.

Aliitwa Christa. Aliishi kiwanja kinachopakana na chetu, na Papa alikuwa amemchukua aikarabati nyumba; alikuwa na miaka ishirini, kama mimi. Baba yake, marehemu muzee Bashige, fundi mwashi kutoka Bukavu, ndiye aliyeijenga ile nyumba zamani. Christa aliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari baba yake alipofariki, akabaki na nyundo yake na mwiko wake.

Na alijua kuvitumia. Hilo ndilo lililoniuma.

"Ingénieur," Papa alikuwa akimwita, "hii mbao tuibakishe?"

"Papa Julien, hii imeoza. Ukiiacha, mvua ya avril itakuya kulala na nyie ndani."

Papa alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu volkeno.

Siku moja niliwapelekea chai. Nilikuwa nimetia katika kikombe cha Papa vijiko viwili vya sukari, kama anavyopenda. Alikipokea bila kunitazama, akampa Christa.

Nilisimama pale na sinia mikononi kama mtumishi wa harusi ya watu.

Kuanzia siku hiyo nilianza kuhesabu. Jumatano moja, mezani, jina la Christa lilitajwa mara kumi na moja. Langu lilitajwa mara moja: "Bénie, leta chumvi."

Tena walikuwa wakinong'onezana. Nyuma ya tangi la maji, wawili tu. Nikikaribia, wananyamaza, na Papa anajifanya kuangalia mabati.

Na kila asubuhi, kiberiti kile chumbani mwangu. Nilimuuliza mara moja ni cha nini. Alisema: "Ni kuangalia tu." Sikuuliza tena. Nilitaka Papa anieleze, naye hakunieleza.

Kisha kulikuwa na matundu.

Chini kabisa ya ukuta wangu wa upande wa mteremko kulikuwa na matundu saba, kila moja la ukubwa wa ngumi. Kuta nyingine zote zilipigwa lipu na rangi. Ule wangu ulipigwa lipu kuyazunguka matundu, kama meno yaliyong'oka.

"Papa, na hayo?"

"Ayo tunaacha."

"Panya wataingia."

"Christa alisema tuache."

Basi. Sentensi hiyo ilinitosha.

Papa aliondoka Jumatano kwenda Bunagana kutoa mzigo wake forodhani. Alhamisi, Mama alipokwenda sokoni, nilichukua saruji iliyobaki barazani, nikaikoroga katika beseni la kufulia, nikaziba matundu yote saba kwa kijiko cha jikoni. Nikalainisha. Nikapaka rangi.

Nilirudi nyuma nikautazama ukuta wangu. Ulikuwa mzuri. Nilijiona kuwa mimi pia ni ingénieur.

Ijumaa asubuhi Christa alikuja. Aliwasha kijiti, akakishusha.

Kikazimika kabla ya kufika chini.

Akawasha cha pili. Kikazimika pale pale. Akageuka, akapapasa ukuta. Saruji ilikuwa bado na unyevu.

"Bénie, nani amefunga?"

"Nyumba ni ya nani?"

"Fungua. Nakuomba. Usilale chini humu mpaka papa yako arudie."

"Unanitisha?"

"Siko nakutisha. Nilimwapia papa yako sitasema kitu, mama yako asisikie. Akirudia, atakueleza yeye mwenyewe."

Hapo damu ilinipanda kichwani. Siri gani Papa angeweza kuwa nayo na msichana wa miaka ishirini, ambayo Mama hapaswi kuisikia?

Mnajua nilichokiwaza. Sitakiandika.

"Toka," nikamwambia.

Siku ile jioni Mama alimfunga kuku wa Jumapili katika kona ya chumba changu, kwa kuwa rangi ilikuwa bado inakauka na hakuna aliyelala humo. Jumamosi asubuhi kuku alikuwa amekufa. Hakuwa na kidonda wala tone la damu. Alikuwa amelala tu, kama aliyesinzia.

Mama Emerance, jirani wa ng'ambo ya njia, alifika kabla hata hatujamwita.

"Bila kidonda? Mama Bénie, ni nani anaingiaka humu ndani?"

Mama akanitazama. Nami nikajibu:

"Christa. Anakuyaka na kiberiti kila asubuhi. Anapiga magoti, anakishusha chini."

Sikusema uongo hata neno moja. Nilikuwa na ukweli mwingine, wa saruji, nikaubakiza mdomoni.

Mama Emerance alijishika kifua. "Yesu Maria! Mi nilisemaka! Ule mutoto haongeaka na batu. Anaongeaka na mawe!"

Mimi siamini uchawi. Nilisoma, nilijadili, niliwahi kuandika makala katika gazeti la wanafunzi kutetea wanawake wazee wanaosingiziwa. Lakini asubuhi ile niliuacha uchawi unifanyie kazi.

Christa alipofika, Mama alimzuia langoni.

"Mutoto, usikanyage tena hapa kwangu."

"Mama Thérèse, unisikilize kidogo..."

"Nimesema!"

Christa hakumtazama Mama. Alinitazama mimi.

"Bénie. Usilale chini."

Akaenda. Nikaona aibu kidogo. Nikaona raha zaidi.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, meza yangu iliwasili juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ikinukia mbao mbichi. Kitanda kilikuwa bado kwa seremala. Sikujali. Niliiweka meza chini ya dirisha, nikatandika godoro sakafuni, nikafunga mlango ili wadogo zangu wasinisumbue. Mvua ilikuwa imepita na hakukuwa na upepo. Nikafunga na dirisha, inzi wasiingie.

Ukimya. Chumba changu. Nikalala kifudifudi na daftari langu la kozi.

Sikumbuki nilisoma kurasa ngapi. Nakumbuka moyo ulianza kwenda mbio kama niliyepanda mlima. Kisha kichwa kikawa kizito. Kisha nikafikiri: nimechoka, nipumzike kidogo.

Ndipo nikasikia nyundo.

Mtu alikuwa akipiga ukuta wangu kutoka nje. Ukuta wangu mzuri.

"Bénie! Inuka! Usikae pale chini! Panda juu ya meza!"

Ilikuwa sauti ya Christa; kutoka kwao alikuwa ameona dirisha langu likifungwa.

Na hata wakati ule, nikiwa sina pumzi, kuna kitu ndani yangu kilichosema: usimtii.

Nataka muelewe hapo. Nilikuwa ninakufa, na bado nilikuwa na wivu.

Jiwe moja likaangukia ndani. Mwanga ukaingia, mwembamba, sakafuni. Sijui ni mwanga huo au ni sauti yake, iliyokuwa sasa ikilia, iliyoniamsha. Nilijivuta hadi kwenye mguu wa meza, nikapanda, nikalisukuma dirisha.

Hewa! Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Nje, watu waliotoka misa ya pili walikuwa wamejaa. Mama Emerance alikuwa amemshika Christa nguo kwa nyuma.

"Mulozi! Ameua kuku, sasa anavunja nyumba ya batu muchana!"

Mwanaume mmoja alikuwa amemnyang'anya nyundo. Mwingine alikuwa tayari ameinama kuokota jiwe. Na mnajua huku kwetu mawe hayatafutwi. Tunaishi juu yake.

Christa hakupigana. Mikono yake ilikuwa inatoka damu. Alikuwa anatazama dirisha tu, kuona kama nitatokea.

Nilielewa kwamba nikinyamaza dakika moja, sitamwona tena kamwe. Wiki tatu nilikuwa nikiomba jambo hilo hilo.

"Mumuache!"

Kilitoka kikohozi, si sauti.

"Mumuache! Ni mimi! Ni mimi nilifunga matundu! Alikuwa ananitoa!"

Mama alikuwa amefika mbio, kilemba mkononi. Alinitazama juu ya meza, akamtazama Christa, akamwondoa Mama Emerance kama mtu anayesogeza pazia.

"Mutoto wangu, kiko wapi kiberiti chako?"

Christa akakitoa. Mama alifungua mlango wa chumba, akainama pale kizingitini, akawasha, akashusha. Kijiti kikafa usawa wa magoti yake. Akawasha kingine. Kikafa.

Yule aliyeokota jiwe, aliyekuwa akitazama dirishani, akaliacha lianguke.

"Mazuku," akasema.

Watu wa upande ule wote wanalijua jina hilo. Ni upepo mbaya unaotoka ardhini, hauna rangi wala harufu, unajaa mabondeni na kuua mbuzi wakiwa wamesimama. Muzee Bashige aliacha matundu yale kusudi, upande wa mteremko, ili mazuku yatiririke nje kama maji.

Mimi pia nililijua. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeliandika katika mtihani: gesi nzito kuliko hewa, hukaa chini, huzima moto. Nilipata kumi na sita juu ya ishirini. Kozi yenyewe ilikuwa katika daftari lile lile lililobaki wazi juu ya godoro.

Papa alirudi Jumanne. Alisikiliza yote barazani, kofia mkononi.

Kisha akasema: "Mi nilijua."

Mama akasimama.

"Christa aliniambia siku ya kwanza. Lakini, Thérèse, wakati wa volkeno tulitembea kwa miguu mpaka Sake, na ukasema: nyumba nyingine nikikimbia, nitakukimbia na weye pia. Niliogopa. Nikamuomba Christa apime kila asubuhi, mpaka nipate namna ya kuinua sakafu. Nikamuapisha anyamaze."

Hiyo ndiyo siri yao ya nyuma ya tangi. Ilikuwa mimi.

Mama aliingia ndani, akabamiza mlango. Alikuwa na haki.

Lakini Papa alikuwa bado na neno, na hilo alinitazama mimi.

"Nilimuuliza anataka nini juu ya ile kazi yote. Akasema: 'Nataka Bénie anikubalie nikae pa meza yake, anifundishe. Nataka kurudia masomo.' Nilimwambia angojee kwanza meza ifike, halafu nitakuomba."

Sikuweza kuinua macho. Christa alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono imefungwa vitambaa.

"Mi njo nilikuwa nakuonea wivu, Bénie," akasema. "Kila siku nakuona na cahier."

Chumba changu sikukipata. Hakuna mtu anayelala pale. Papa na Christa waliubomoa ukuta wote wa mteremko, matundu saba na rangi yangu pamoja, wakakigeuza baraza lililo wazi upande wa ziwa, upepo upite usiku na mchana. Mimi nilikuwa nawapokea mawe.

Nimerudi kulala na wadogo zangu wanne. Mmoja anapiga mateke. Ninaandika mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, pale barazani, kwenye meza ile ile, na upande wa pili anakaa mtu anayejiandaa kwa examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, anayeniuliza hesabu kumi kwa saa na kunisahihisha moja.

Ninyi mnaohamia nyumba za zamani: kabla hujaziba tundu usilolijua, muulize aliyelitoboa. Na ukiona mtu anapendwa na yule unayempenda, usikimbilie kuamini kwamba amekata katika fungu lako. Huenda wanakutaja wewe.

Kila asubuhi, kabla ya wadogo zangu kutoka kucheza, lazima mtu apige magoti na kiberiti pale barazani. Siku hizi ni mimi.

"Ingénieur mudogo!" Christa ananiita kutoka kwao, ng'ambo ya ukuta wa ua. "Inawaka?"

Nasubiri mpaka kijiti kiguse sakafu.

"Inawaka," namjibu.