Nilivyoitayarisha sauti ya mwalimu wa PP2 ikae kwenye sampler

Wakuu, salamu kutoka Meru, leo mvua imetuachia kidogo.

Haya ninayowaandikia yamenitokea muhula huu na sijatia chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha. Wale wa beats mtapata kitu. Na kama hujawahi kushika sampler usiondoke, nitaenda polepole.

Mimi ni mtu wa Embu, huko kwenye muguka, yale majani ya kutafuna, lakini kazi yangu iko Makutano. Nina studio ya chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Kwaya narekodi, ndiyo, lakini kinachonilisha ni matangazo. Yale ya viatu na ya daktari wa meno, yanayopigwa kwa spika kando ya barabara.

Dada mkubwa wa mke wangu anaitwa Karimi. Anafundisha PP2, darasa la mwisho la chekechea, upande wa Kanyakine, watoto wa miaka mitano.

Mwanzo wa muhula sauti yake ilianza kukwaruza. Tukadhani ni homa. Daktari akamulika koo, akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akamwambia vitolewe mapema, na baada ya hapo ni kimya kabisa, hata kunong'ona hapana. Akirudi darasani akae wiki kadhaa bila kuongea. Akiendelea kupaza sauti vile, huenda siku moja ikaenda na isirudi.

Karimi akakataa. Akasema atangoja likizo ya Agosti.

"Shem, hawa hawajui kusoma," akaniambia. "Nitawaandikia nini ubaoni?"

"Si mwalimu wa PP1 awachukue?"

"Achanganye madarasa mawili? Siku za kwanza atavumilia. Baada ya hapo atanifuata hospitali, alazwe kitanda cha pili."

Tulicheka, lakini kicheko chake kilitoka kama karatasi inayoraruka. Mke wangu akaniangalia. Nikajua ni lazima nifanye kitu.

Sasa, sampler ni nini? Ni kisanduku chenye vitufe vya mpira, changu kina kumi na sita. Kila kitufe unakipa sauti yake, inaitwa sample. Ukikigusa, sauti inatoka papo hapo. Watu hukitumia kwa ngoma na vinanda.

Najua kuna mtu atauliza, si angetumia simu? Simu inajifunga, inapigiwa, na lazima uiangalie. Vitufe unavijua kwa kidole, macho yakiwa kwa watoto.

Nikamweleza Karimi: turekodi maneno yake ya darasani, kila moja likae kwenye kitufe chake. Akafikiria, kisha akatoa masharti.

"Tujaribu kabla ya operesheni. Wakinifuata, naenda. Wasiponifuata nangoja Agosti, na usinisumbue tena, wewe mtu wa muguka."

Tulirekodi kwa wazazi wake Githongo, ndani ya stoo ya kahawa. Nilitundika magunia matupu kila upande. Gunia linameza mwangwi vizuri kuliko vitu vingi vya bei ghali. Kwa sababu sauti yake haikutakiwa kuchoshwa, kila neno tulirekodi mara mbili tu, na maji ya vuguvugu katikati.

"Tusimame." "Kaeni chini." "Nani amemaliza?" "Wewe, wacha hiyo!" "Nimesema kelele basi!" Na lile la kumsifu mtoto kwa Kimeru, "Bwega mono," yaani vizuri sana.

Nikarudi Makutano kuzitayarisha. Wanaoanza, sikilizeni hapa.

Kwanza unakata kimya cha mwanzoni. Ukikiacha, utabonyeza na usisikie kitu, utabonyeza tena, kisha watatoka walimu wawili. Mwisho wa neno usiukate kwa haraka, uache ufe wenyewe, halafu uufifishe kidogo sana ili usisikike mlio wa "tap".

Sauti ya mtu mmoja iweke mono, yaani njia moja badala ya mbili za stereo, inachukua nusu ya nafasi. Aina ya file soma kwenye kitabu cha mashine yako. Yangu inataka WAV ya 16 bit, 44.1. Ukiipa nyingine haikwambii kitu, inanyamaza tu kama mtu aliyenuna. Majina ya file yawe mafupi, kiskrini ni kidogo.

Halafu kitufe ukiweke kwenye one-shot, ili ukigusa neno liishe lote. La sivyo ukiinua kidole, sauti inakatika katikati ya "kaeni".

Mwisho nikazi-normalise zote, yaani nikazipandisha zikawa na nguvu sawa. Hiyo kwangu ni mazoea, kama kufunga mlango nikitoka. Tangazo la Makutano lazima lipigane na honi za malori.

Siku ya majaribio nilikaa nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa kifuani. Spika tuliunganisha kwa waya. Bluetooth inachelewesha sauti, iepukeni.

Karimi akagusa "Tusimame." Wakasimama! "Kaeni chini." Wakakaa.

Mvulana mmoja, Mwenda, akainua mkono. "Mwalimu, mdomo wako umelala?"

Darasa lote likacheka, na Karimi pia, mabega yakitikisika. Mimi huko nyuma nikaanza kujipongeza.

Kisha akamwita Kinya kwa kidole. Huyu ni msichana mwenye haya sana, alikuwa ameanza kujibu darasani juzi tu. Akahesabu maharagwe kumi, moja moja, bila kukosea. Karimi akagusa "Bwega mono."

Wakuu, ilitoka kama tangazo la viatu.

Kinya aliangusha maharagwe yote, akafunika kichwa kwa mikono.

"Kinya amegombezwa!" Mwenda akatangaza.

Karimi alizima mashine, akampakata. Nje ya mlango akaniambia kwa ile sauti yake iliyobaki, "Sijawahi kumwambia mtoto hivyo. Huyo si mimi." Halafu, "Nangoja Agosti."

Nilirudi mjini nikijiona mdogo. Nikaketi, nikafungua zile rekodi za kwanza kabisa, ambazo sikuwa nimezigusa. Hapa naomba mnisikie: kata, safisha, pandisha, lakini fanya kazi kwenye nakala. Ile ya asili iwekwe mbali. Kama ningekuwa nimeifuta, ningemwomba Karimi atumie sauti ambayo hana.

Niliposikiliza nikaelewa. "Wacha hiyo!" aliitoa kwa kifua chote. "Bwega mono" aliitoa chini, kama mtu aliyeinama karibu na sikio la mtoto. Mimi nilizifanya ndugu mapacha. Tena kabla ya "bwega" kulikuwa na pumzi kidogo na nusu ya kicheko. Nilikuwa nimevikata nikidhani ni uchafu.

Nikaanza upya. Nilichukua "Kaeni chini" nikaifanya kipimo cha katikati. "Wacha hiyo" nikaipandisha kidogo tu juu yake. "Bwega mono" nikaishusha mpaka mtu akiisikia anatulia, na ile pumzi nikairudisha. Ndiyo, neno linachelewa kidogo ukibonyeza. Lakini pumzi yenyewe inaanza papo hapo, na sikio linajua mtu yuko karibu kuongea.

Pia nikaweka rekodi zote mbili za "Bwega mono" kwenye vitufe jirani, ili sifa isirudi ile ile kila mara. Watoto hugundua haraka.

Mke wangu ndiye aliyemshawishi Karimi apande ngazi za studio. Alisikiliza "Bwega mono," akanyoosha kidole irudiwe. Ikarudiwa.

"Hii ndiyo namwambia," akasema. "Sawa, mara moja tena."

Tulirudi Kanyakine. Kinya hakutaka kuja mbele, kwa hiyo Karimi alimfuata kwenye meza yake, mashine mkononi. Kinya akahesabu. Karimi akainama, akagusa kitufe.

Kinya hakuangalia spika. Aliinua uso akamwangalia mwalimu wake.

Wengine wote walikuwa wamenyamaza ili wasikie.

"Kinya, amekuambia nini?" Mwenda akauliza.

"Haikuhusu," Kinya akajibu.

Karimi aliingia hospitali muhula ukiendelea. Operesheni ilienda salama. Siku za kimya kabisa alikaa nyumbani, kisha akarudi darasani na kisanduku chake.

Juzi simu yangu ililia, jina lake. Nikashtuka, kwa sababu tulikuwa tunaandikiana tu.

"Shem, daktari ameniruhusu maneno machache," akasema. Sauti ilikuwa laini, haina mikwaruzo. "Toa zile za kufoka. Tangu nirudi sijazigusa hata mara moja, na wananisikia."

Nimezitoa kwenye mashine. Vitufe viwili sasa viko wazi, na amesema anafikiria wimbo.

Nilichobeba mimi ni hiki: kabla hujasawazisha sauti ya mtu, jiulize alikuwa anamwambia nani.

Wenye sampler, ninyi mnapimaje nguvu za sauti za watu? Na walimu mlio humu, mnatunzaje koo na darasa la watoto wengi? Nitajibu kila swali, hata la anayeanza leo.